Pikapu Iliyopimwa na Nyuki

Hakuna aliyemtarajia mgeni yule. Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi, na wauzaji katika yadi ya magari walikuwa wameshakata tamaa ya kupata mteja. Ghafla mlango wa kioo ulifunguliwa, akaingia mama wa makamo aliyevaa viatu vya mpira, kofia yenye wavu kaishika kwapani, ananuka moshi kama aliyekuwa akipuliza kuni mbichi. Alisimama katikati ya magari yanayong'aa, akauliza:

"Nani hapa ana pikapu isiyopiga kelele?"

"Mama, ya kelele ndiyo ya bei nafuu!" alidakia muuzaji mmoja, na wenzake wakaangua kicheko. Huyo walimwita Kasuku, kwa kuwa ulimi wake haukuwa na breki.

Mgeni hakukasirika. "Mimi nafuga nyuki, mwanangu. Kila msimu nawahamisha kufuata maua. Hii pikapu yangu ya dizeli ikinguruma tu karibu na mizinga, wanachafuka. Mwaka jana waliniuma mpaka mume wangu akanipita njiani, akaniamkia kama mgeni."

Sasa hata mgeni mwenyewe alicheka.

Katika yadi ile kila muuzaji alikuwa na meza yake, na kila meza aina yake ya gari. Kasuku aliuza haibridi, yaani zile zenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme. Meza ya pikapu za umeme mtupu ilikuwa pembeni, karibu na choo, nayo ilipewa binti mgeni kazini ambaye kwa upole wake walimbandika jina la Kimya. Sheria ilikuwa moja: gari likiuzwa, sifa ni za meza yake, hata kama mteja aliletwa na mwingine.

Kimya alikuwa katika wiki ya mwisho ya miezi mitatu ya majaribio, na hajauza hata gari moja. Ijumaa ikifika meza yake ikiwa tupu, kazi imeota mbawa. Nyumbani baba yake, fundi cherehani ambaye macho yalikuwa yameanza kufifia, alishawatangazia majirani wote kuwa bintiye ni muuzaji wa magari.

"Karibu huku, mama," alisema Kimya.

Alimketisha ndani ya pikapu ya umeme, akabonyeza kitufe. Ukimya ukatanda.

"Haiwaki?" mama akauliza.

"Imeshawaka. Tunaondoka."

Pikapu iliteleza kama maji juu ya jani la mgomba. Walipofika kwenye mlima, ambapo dizeli nyingi hupanda zikikohoa, hii ilipanda kama inayoteremka. Mama alishika kifua. "Jamani, binadamu wana akili! Nipe karatasi nisaini."

Moyo wa Kimya uliruka kwa furaha. Kalamu ilikuwa mfukoni. Hata hivyo, alisita.

"Mama, usinunue kwa macho. Bei yake inakaribia mara mbili ya dizeli; ya haibridi iko katikati. Ngoja tuwaulize nyuki wenyewe."

Mama alimgeukia. "Mimi magari siyajui. Basi utaniambia kama ambavyo ungemwambia mama yako mzazi?"

"Nitakuambia. Na utakayochukua, iwe ipi, Jumamosi alfajiri nitakuja mwenyewe nikuongoze safari ya kwanza."

Jumatano kulipopambazuka, shambani kwa mama, walipakia mizinga kumi na miwili, milango yake imezibwa kwa nyasi. Mama, ameketi nyuma na mizinga, alitega sikio kwenye wa kwanza huku Kimya akiiondoa pikapu. Nyuki walivuma kwa sauti ya chini, kama watu wanaozungumza usingizini, basi. Mama alitokwa na machozi. "Miaka ishirini nimewatesa viumbe hawa," alinong'ona.

Kimya naye alikuwa akitazama kipimo cha chaji. Kwa mzigo ule na vilima vile, kilishuka upesi kuliko alivyotarajia. Akaegesha, akauliza:

"Mama, huwa unawapeleka mbali kiasi gani?"

"Mashamba ya alizeti? Kilomita mia na themanini. Mara mbili kwa mwaka."

"Huko kuna umeme?"

"Umeme!" Mama alicheka. "Huko hata kibiriti tunaenda nacho."

Siku iliyofuata Kimya aliomba ufunguo wa haibridi kwenye meza ya Kasuku. "Unaniibia gari au unaniletea mteja?" Kasuku alimtania, lakini akampa. Haibridi haikuwa na nguvu za ile ya kwanza, na barabarani injini yake ilisikika, ingawa haikunguruma kama dizeli. Ila walipokaribia mizinga, Kimya alibonyeza kitufe kimoja, injini ikanyamaza, mota ikashika kazi. Wakapita mbele ya nyuki polepole kama wanaopita mbele ya mtoto aliyelala. Hakuna aliyechafuka.

Ijumaa mama alikuja na mumewe. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza iliyo karibu na choo. Meneja alikuwa amesimama pale pale, saa mkononi.

"Haya, mwanangu," alisema mama. "Mwambie mama yako."

Kimya aliitazama meza yake tupu, na akilini akamwona baba yake akiwatangazia majirani. Kisha akasema: "Ile ya umeme ni gari zuri kuliko yote niliyowahi kuendesha. Lakini ukiwa na mizigo itakufikisha kwenye alizeti na kukuacha huko huko. Chukua haibridi. Meza yake ni ile pale."

Kasuku alijaza karatasi ameinamisha kichwa. Mama alipotoka, meneja alishusha pumzi, akasema, "Una moyo mzuri, binti. Ila sheria ni sheria." Jioni ile Kimya alirudisha sare na kitambulisho.

Jumamosi kabla ya jua kuchomoza, alikuwa anafunga viatu. Baba yake alimsikia.

"Unakwenda wapi, na kazi wamekuachisha?"

"Niliahidi, baba. Nauli ninayo."

Mzee akapapasa ukutani, akalitoa koti lake mwenyewe, lile aliloshona kwa mkono. "Basi vaa hili. Kuna baridi."

Alipofika shambani alimweleza mama yaliyomkuta kazini, mbele ya majirani waliokuwa wakisaidia kupakia mizinga. Miongoni mwao alikuwapo mkulima wa machungwa, mwenye sauti nzito na kofia iliyotoboka.

"Wewe ndiwe uliyemzuia huyu asinunue gari la meza yako?"

"Ndiye mimi, baba."

"Ukapoteza kazi?"

"Jana jioni."

"Sasa sikia. Mimi sokoni ni nusu saa, kila siku kwenda na kurudi. Juu ya paa nina paneli za jua zinazowasha mpaka taa za mbuzi. Ipi inanifaa?"

Kimya alitabasamu bila kutaka. "Wewe, ile ya umeme. Bei itakuuma mwanzoni, lakini petroli utaisahau."

"Jumatatu naenda kuichukua. Nitawaambia wakurudishe kazini niinunue kwako, la sivyo siinunui. Na jirani yangu yule wa maziwa naye anaitaka."

"Mwanangu!" mama aliita kutoka kwenye usukani. "Jua linatoka, nyuki wanaamka!"

Kimya hakungoja kusikia zaidi. Alipanda, akamwonyesha mama kitufe, na pikapu ikapita kati ya mizinga iliyobaki bila sauti, ikashika njia ndefu ya kwenda kwenye alizeti. Kasuku aliyesema mchana kutwa hakuwahi kufuatwa mpaka shambani. Kimya aliyesema ukweli mara moja alifuatwa. Kweli, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.