Viatu Vyekundu vya Bwana Zahran

Hapo zamani, zama ambazo pishi ya chumvi ilitukuzwa kuliko pishi ya mchele, katika mji wa Uvumba palikuwa na mtu akiitwa Faki. Hohehahe wa kutupwa! Mali yake ilikuwa kofia moja iliyotoboka na ulimi ambao haukupata kutoboka. Watu walimwita punguani, naye akiitika, maana punguani hafukuzwi karamuni hata kama hakualikwa.

Basi Faki alikuwa na ndugu yake wa tumbo moja, jina lake Vuai. Vuai alikwenda ng'ambo kwenye mashamba ya chumvi, kwa ahadi ya ujira mzuri na ruhusa ya kurudi kwao Idi. Idi ikaja, Idi ikapita, Vuai haonekani. Ikawa habari zinafika kwa minong'ono: huko chumvini mtu akiingia huvuliwa makubadhi yake, yakafungiwa ghalani, na njia yote ya kutokea ni mawe ya matumbawe yakatayo nyayo kama wembe. Hakuna aliyefungwa kamba, wala hakuna awezaye kuondoka. Faki alilia siku hiyo, jamani, alilia kama mtoto. Kisha akanawa uso, akaenda kushitaki kwa Sultani.

Chumvi ile yote mnunuzi wake alikuwa mmoja tu, Bwana Zahran, tajiri wa matajiri. Akaitwa. Akavua viatu vyake mlangoni, kama ilivyo ada, kwani mtu hakanyagi mkeka wa Sultani na viatu. Navyo vilikuwa vya ngozi nyekundu, vimedariziwa uzi wa dhahabu, mji mzima ukivijua.

"Maulana," akasema Bwana Zahran, akijipepea, "mimi nanunua kwa dalali. Dalali hununua kwa msimamizi. Msimamizi ndiye awajuaye hao watu. Mkono wangu haukumgusa mtu. Mimi ni mnunuzi tu."

"Lakini waijua habari yao?" akauliza Faki.

"Nisikie kila linalosemwa na walaji wa chumvi? Sikuuliza, wala si kazi yangu kuuliza!"

Sultani akakuna ndevu. "Faki, huyu ni mtu mkubwa. Simhukumu kwa maneno ya punguani. Niletee shahidi ambaye Bwana Zahran mwenyewe hawezi kumkanusha, na umlete kabla kahawa yangu hii haijapoa. Ukishindwa, utamfuata nduguyo huko huko chumvini."

Watu barazani wakaguna. Ni nani katika Uvumba ambaye tajiri yule hawezi kumkanusha? Alikwisha kumkanusha hata shangazi yake aliyemlea! Lakini ulimi wa Faki haukutetereka.

"Nimesikia, maulana. Naomba tu kahawa isipulizwe."

Akatoka. Huko nje akanong'ona na bawabu, akanong'ona na muuza kahawa, wakacheka kicheko cha puani. Mara huyo anarudi, anatembea kwa madaha, chwa, chwa, chwa, hadi katikati ya mkeka wa Sultani, na miguuni amevaa viatu vyekundu!

"Lahaula!" wakapiga kelele watu.

"Mwizi!" Bwana Zahran akaruka juu. "Viatu vyangu!"

"Vyako? Ajabu," akasema Faki. "Mimi nimepewa na muuza kahawa."

Muuza kahawa akaingiza kichwa mlangoni. "Nami nimepewa na bawabu. Sikuuliza."

"Nami nimevikuta kizingitini," akasema bawabu. "Havikunena ni vya nani."

"Umesikia, bwana?" akasema Faki kwa upole. "Mkono wangu haukugusa kizingiti. Mimi ni mvaaji tu."

"Mvaaji tu!" Mate yakamruka tajiri. "Hata vipite mikono mia ni vyangu! Mji mzima wavijua, nawe wavijua, umenyamaza kwa kuwa vimekufaa! Aonjaye utamu wa kitu ndiye wa kujibu, asijifiche nyuma ya bawabu na muuza kahawa! Maulana, hukumu!"

Faki akainama. "Maulana, shahidi wangu ndiye huyo. Na amkanushe."

Sultani akanywa funda la kahawa, likamuunguza ulimi, na hapo akaangua kicheko hata kilemba kikamwangukia magotini.

"Mkuki kwa nguruwe mtamu!" akasema akifuta machozi. "Bwana Zahran, hukumu umekwisha kuitoa mwenyewe. Utakwenda chumvini leo hii, peku, upite njia yao ile ile. Utafungua ghala, na kila mtu utamrudishia makubadhi yake na ujira wake kwa mkono wako. Viatu vyako utavipata akishatoka mtu wa mwisho."

"Na wa kunipelekea viatu ni nani?" akauliza tajiri kwa sauti ya kufa.

"Faki atampa bawabu," akasema Sultani, "bawabu atampa muuza kahawa. Baada ya hapo, mimi sijui."

Basi Vuai akarudi kwao amevaa makubadhi yake, akamkuta nduguye anamngoja njiani, wakakumbatiana. Na tangu siku hiyo wanawake wa Uvumba hawapimiwi chumvi sokoni kabla ya kuuliza: "Walioivuna, miguuni wamevaa nini?" Muuzaji akijibu hajui, hubeba vikapu vyao wakaenda zao, naye akala chumvi yake mwenyewe.