Ukurasa wa Majaribio

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana kompyuta zilikwisha kupanda milima ya Upare na bibi zetu walikuwa wanatumiwa picha za wajukuu kwa simu, aliishi pale Mwanga mjini mwalimu mstaafu aitwaye Nakijwa Mrutu. Alikuwa amefundisha Kiswahili miaka ishirini na minane, na mkono wake ulikuwa bado haujakubali kustaafu. Akiona tangazo dukani lina kosa, anaomba kalamu.

Mmoja wa waliopita mikononi mwake darasa la tano, Elinihaki Mbwambo, alikua akawa mtengenezaji wa programu za kompyuta. Huyu ndiye aliyeunda programu iitwayo Shina. Kazi ya Shina ni kutunza maandishi pamoja na historia yake: nani aliandika, lini alibadili, na kabla ya kubadili palikuwa na nini. Ukifuta ukurasa leo, kesho kutwa Shina inakurudishia. Watu wakaipenda. Kwaya zikatunza nyimbo zao humo, wapima ardhi wakatunza ripoti zao, na kikundi kimoja cha kule Usangi kikatunza kamusi ya Chasu, lugha ya Wapare wenyewe.

Elinihaki akamwendea mwalimu wake. "Shikamoo, mwalimu. Kuitengeneza programu hii najua, kuieleza sijui. Njoo uniandikie mwongozo."

Mwalimu Nakijwa akaja, akapewa meza ya dirishani, ghorofani juu ya duka la mbegu na dawa za mimea, akaanza kuandika.

Sasa lishikeni jambo moja, mengine yatafuata yenyewe. Ndani ya Shina, kila kipande cha maandishi kina alama yake. Alama hiyo haitungwi na mtu. Inakokotolewa kutokana na maandishi yenyewe, na mafundi huiita heshi. Ukibadili mkato mmoja tu, heshi inakuwa nyingine kabisa. Kwa hiyo maandishi yakilingana na heshi yake, unajua hayajaguswa. Lakini njia ya zamani ya kukokotoa heshi ilikuwa imechoka. Wataalamu walikwisha kuonyesha kwamba mtu mjanja anaweza kutunga maandishi mawili tofauti yakapata heshi moja. Elinihaki akajifungia miezi minane akiunda njia mpya, pamoja na amri ya kuhamisha ghala zima la maandishi kutoka heshi ya zamani kwenda mpya.

Siku ilipokubali, alishuka ngazi tatu tatu kwenda kununua soda za ofisi nzima.

"Mwalimu, iko tayari," alisema akifungua chupa. "Andika sentensi moja tu: Shina ina heshi mpya, hamieni wote."

"Umeijaribu kwenye maghala mangapi?"

"Matatu."

"Ya nani?"

"Yangu."

Mwalimu Nakijwa akanywa soda yake hadi nusu kwanza. "Basi haiko tayari, mwanangu. Iko kwenye majaribio. Na neno hilo nitaliandika juu kabisa, mahali ambapo hata mwenye haraka ataliona."

Hapo ndipo mvutano ulipoanza. Nakijwa hakutaka sentensi moja. Alitaka kujua kila ujumbe ambao programu inaweza kumtolea mtu: una maana gani, na mtu afanye nini akiuona. Elinihaki alikuwa anajibu huku anatazama saa. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, ya tatu nayo. Wakafika kwenye ujumbe uliosema: *Kipande hiki hakilingani na alama yake.* Chini yake palikuwa na kitufe: *Lazimisha.*

"Huu uruke," Elinihaki alisema. "Hautatokea. Niliuweka kwa tahadhari tu."

"Ukitokea?"

"Mtu atalazimisha, kazi iendelee."

"Akilazimisha, kipande kilichoharibika kinakwenda wapi?"

Elinihaki akajikuna shingo. "Kinapewa heshi mpya kama vingine."

"Yaani kibovu kinapigwa muhuri kwamba ni kizima."

"Mwalimu, unawaandikia maelfu ya watu ukurasa kwa ajili ya mtu mmoja."

"Huyo mmoja ndiye atakayeusoma," Nakijwa alisema, akageuza karatasi.

Wiki tano zilikatika ndipo heshi mpya ikatoka, na ukurasa wa mwongozo ukatoka nayo. Ulianza hivi: "Uwezo huu ni wa majaribio. Usiujaribu kwenye ghala lenyewe, ujaribu kwenye nakala." Na mwishoni kabisa, pale ambapo wasomaji wengi huwa wamekwisha kwenda zao, uliandikwa: "Ukiambiwa kipande hakilingani na alama yake, usilazimishe. Tafuta nakala ya zamani kwa yeyote uliyewahi kumpa. Kipande kizima kikipatikana, heshi yake yenyewe itakishuhudia." Jina la mwandishi halikuwekwa, kwa sababu miongozo huwa haiwekwi majina.

Tupande sasa Usangi. Kule kamusi ilikuwa mikononi mwa Bi Namsifu Kiondo, aliyekuwa mpiga chapa wa ofisi ya usharika kabla ya kustaafu. Kwa miaka kumi na mmoja, yeye na kamati ya Mzee Mshana walikuwa wamekusanya maneno elfu kumi na tisa kutoka vinywani mwa wazee, na wengi wa wazee hao sasa wako makaburini. Mzee Mshana alikuwa amesikia kwamba heshi ya zamani haiaminiki tena. Akataka kamusi ihamishwe kabla ya kwenda kwa mchapishaji, asije mtu akasema imechezewa.

Bi Namsifu ni mtu anayesoma hata kile kikaratasi cha ndani ya boksi la dawa. Akausoma ukurasa mara mbili, kidole kikifuata mstari. Akatengeneza nakala kwenye kompyuta ya mpwa wake, akaijaribu amri huko.

*Kipande hiki hakilingani na alama yake.*

Akafikiri amekosea. Akarudia. Ujumbe ukaja tena, ukaja tena, mpaka ukafika mara mia tatu na kumi na mbili. Akafungua neno mojawapo, ambalo hakuna aliyelifungua kwa miaka, akakuta vijialama visivyosomeka, kama dengu zilizomwagika mezani. Diski ya kompyuta ya kamusi ilikuwa inaoza kimyakimya, na maneno mia tatu na kumi na mawili yalikuwa yameoza nayo, pamoja na historia yake.

Mzee Mshana alikuja mbio. "Mchapishaji yuko Moshi anatusubiri. Si naona kitufe cha kulazimisha hapo? Lazimisha twende."

"Mwenyekiti, ukurasa unasema nisilazimishe."

"Nimeusoma. Kwani umeandikwa na nani?"

"Simjui. Lakini anaonekana ni mtu aliyewahi kupoteza kitu."

Akazima kompyuta, akavaa viatu vya kutembelea. Siku tisa alipanda na kushuka, Kirongwe hadi Chomvu, akigonga kila mlango ambako kamati iliwahi kupeleka nakala. Mmoja alikuwa ameifuta aweke video za harusi. Mwingine alimkaribisha chai ya tangawizi, wakazungumza saa nzima, ndipo akasema hajawahi kupewa nakala yoyote. Siku ya tisa, binti wa marehemu mwinjilisti alifungua droo ya vifungo na nyuzi, akatoa flashi yenye kutu kidogo pembeni. Ndani yake ilikuwamo kamusi ya miaka sita nyuma.

Neno kwa neno, heshi zikalinganishwa. Mia tatu na matatu yalirudi mazima.

Tisa hayakurudi. Yalikuwa yameingizwa baada ya flashi ile kutolewa: majina tisa ya sehemu za mvukuto wa mhunzi, ambayo Bi Namsifu aliyapiga chapa moja kwa moja kutoka kinywani mwa Bibi Nakunda wa Ndorwe. Hakuna mwingine aliyekuwa anayajua. Na Bibi Nakunda, mwenye miaka tisini na sita, alikuwa amezikwa wiki chache tu nyuma.

Kamusi ikakamilika. Jumamosi moja Elinihaki na Mwalimu Nakijwa wakaalikwa Usangi, nyumbani kwa Bi Namsifu, kula makande na kuonyeshwa kurasa. Bi Namsifu alipoambiwa kwamba huyu ndiye mwandishi wa ule ukurasa, alimshika Nakijwa mikono yote miwili, hakuiachia mpaka wakakaa. Nakijwa alifurahi kuliko alivyotarajia. Muda wote alioandika miongozo ya Shina, hakuwahi kumwona mtu aliyeisoma.

Baada ya chakula Mzee Mshana akakohoa. "Ukurasa wa mbele una mstari mmoja. Umeandikwa: *Kamusi hii imepona kwa sababu ya,* halafu nukta nukta za kujazwa jina. Kamati imeamua jina liwe moja. Tukifungua orodha, kila ukoo utaleta babu yake, na tutachapa mwaka keshokutwa. Semeni wenyewe ni la nani."

Watu wakacheka. Ila Nakijwa aligundua, kwa aibu kidogo, kwamba moyo wake umepiga haraka. Alilitaka jina lile. Alilitaka kama mtoto anavyotaka kusomwa wa kwanza siku ya kufunga shule.

Elinihaki akaanza, kwa heshima. "Mwalimu wangu yupo, mama zangu mpo, lakini nitasema. Heshi mpya ndiyo iliyopita kwenye kila kipande tangu cha kwanza. Bila hiyo, mngechapa vijialama na kuviita Chasu. Ule ujumbe niliuweka mimi."

"Na kitufe cha kulazimisha?" Bi Namsifu akauliza.

"Hicho nacho ni mimi," alikiri, na kicheko kikazidi. Kisha akaongeza, sauti ikiwa chini, "Lakini kuna neno moja, mwalimu. Ulinishikilia wiki tano. Bibi Nakunda alizikwa wiki ya tatu. Ningetoa siku ile ya soda, Bi Namsifu angeuona ujumbe akamkuta hai."

Nakijwa akaweka kikombe chini. Habari ya siku hiyo ya mazishi alikuwa haijui. Alihesabu wiki kimoyomoyo, akakuta kijana anasema kweli, na lile jina alilolitaka likamkaa vibaya mdomoni.

"Ni kweli nilikushikilia," alisema hatimaye. "Na yale tisa nitayakumbuka. Lakini ungetoa kwa sentensi yako moja, asingejaribu kwenye nakala, angelazimisha mchana uleule. Yote mia tatu na kumi na mawili yangepigwa muhuri, na asingejua kwamba kuna la kumwuliza Bibi Nakunda."

Elinihaki alimwongezea mwalimu wake chai.

"Mmesema vizuri," Bi Namsifu akasema. "Ila ujumbe ule hata mwenyekiti aliuona, na ukurasa ule hata mwenyekiti aliusoma. Bado alitaka kulazimisha."

"Niache mimi, sidai kitu," Mzee Mshana akasema.

"Sikuachi. Kompyuta haikutembea kwenda Chomvu, wala karatasi haikutembea. Miguu iliyokwenda ni hii." Akainyoosha waione, halafu akaikunja polepole. "Na kwa kuwa tunasema ukweli, kompyuta ya kamusi niliiegemeza ukuta wa jikoni miaka yote. Waliniambia unyevu wa mvuke utaimaliza. Nikakataa, kwa sababu nilipenda kuandika huku nasikia chungu kinavyochemka."

Safari hii kicheko kilichelewa kidogo, lakini kilikuja, na mwenye kucheka zaidi alikuwa Bi Namsifu mwenyewe. Nje, gari lililokuja kuchukua kurasa za kupeleka Moshi likapiga honi. Mzee Mshana akafungua kalamu, akazitazama zile nukta, akawatazama wale watatu, na wale watatu wakatazamana.

Yupo aliyeunda kitu kilichouona uozo, na akaweka pembeni yake kitufe cha kuuficha. Yupo aliyeandika la kufanya, na uandishi wake ukala wiki ambazo maneno tisa yalikuwa bado yana mwenyewe. Yupo aliyetii na kutembea siku tisa, kuponya alichokiweka mwenyewe penye mvuke. Mstari ni mmoja, na dereva hasubiri. Msinitazame mimi, ninyi mliokaa kunisikiliza. Kalamu ingekuwa mikononi mwenu, mngeandika jina la nani?