Abiria Kumi na Wanane wa Mbeleko Moja

Hapo zamani za kale, kabla hata bibi yangu hajapata bibi wa kumkemea, wanyama walikuwa na jiji lao lililoitwa Maghorofani. Mnacheka nini? Walikuwa na jiji, tena jiji kwelikweli. Ghorofa zake zilijengwa na mchwa, mafundi ambao mpaka leo hawajapata wa kuwashinda. Taa za barabarani walikuwa vimulimuli walioajiriwa. Mto uliopita katikati ulivukwa kwa daraja la viboko kumi na wawili, wamejipanga bega kwa bega, na hawakuruhusiwa kupiga miayo mtu akiwa anapita.

Mbali na jiji hilo, kwenye vilima vya mawe, aliishi Pimbi. Kama hamjawahi kumwona, ni kama sungura aliyenyimwa masikio na mkia. Ni mdogo, lakini nyayo zake zinanata, kwa hiyo hupanda na kushuka mwamba kama ninyi mnavyopanda kitanda. Kumbukeni hizo nyayo, tutazihitaji.

Pimbi alikuwa na mdogo wake, Zawena, aliyeolewa huko Maghorofani akajifungua mtoto wa kike. Sasa desturi ya pimbi ni hii: mama na mtoto hawatoki ndani mpaka siku ya arubaini. Siku hiyo, kabla jua halijazama, mtoto hutolewa nje akiwa amefungwa kwenye mbeleko, na upande uliotoa mbeleko ndio unaotoa jina.

Bibi Mize, aliyewalea hao dada wawili tangu mama yao alipofariki, alikuwa amefariki masika yaliyopita. Aliacha mbeleko moja tu, nyekundu yenye mistari, na ombi moja tu, kwamba jina lake lisiishie kaburini. Pimbi hakujaliwa mtoto. Kwa hiyo nafasi ilikuwa hii, na mtoto alikuwa huyu. Mbeleko ikichelewa, mama mkwe wa Zawena alishakunja ya kwake, na jina la kwake analo mdomoni. Hakuwa mbaya mama yule, alikuwa na haki yake.

Pimbi akaifunga mbeleko kifuani, akatembea siku sita. Asubuhi ya siku ya arubaini, saa tatu, akaingia stendi kuu ya Maghorofani akichechemea mguu wa kushoto.

Lo, wanangu, stendi ile! Twiga wanashusha mizigo kutoka dirisha la ghorofa ya tatu bila ngazi. Kasuku wanatangaza safari za kila upande. Pimbi alisimama katikati, shingo juu, akasahau mguu, akasahau njaa. Alisema moyoni kwamba aliyefikiria kuwaweka wanyama wote hawa mahali pamoja bila kulana alikuwa na akili nyingi mno.

Nyumba ya Zawena ilikuwa upande wa pili wa jiji. Kwa miguu ya pimbi ni mwendo wa siku mbili. Kwa mgongo wa Tembo ni alasiri moja. Na Tembo huyo hapo amesimama, ngazi imeegeshwa ubavuni, na mpiga debe wake, nyani aitwaye Kidevu, anaita kwa sauti ya kukwaruza: "Bado mmoja! Bado mmoja tunaondoka!"

Pimbi akatazama juu. Kweli, mgongo umejaa. Nyani kumi na wanane wameketi na mabegi yao mapajani, na Kobe mmoja mzee nyuma kabisa. Akapanda haraka. Kidevu akapiga debe, du! Tembo, ambaye macho yake hayafiki mgongoni, akanong'ona, "Wawili."

Wawili? Pimbi akageuka. Nyani wa kwanza alikuwa anashuka, eti amesahau dawa yake. Wa pili akashuka kumsindikiza wa kwanza. Wa tatu ameona shemeji yake. Kabla hujamaliza kukohoa, wote kumi na wanane walikuwa chini, wanavuka kwenda kukaa juu ya Kifaru upande wa pili, mabegi yale yale mapajani, na huko nako sauti inaita, bado mmoja.

Pimbi akamuuliza Kobe kama haya ni mambo ya kila siku. Kobe akamweleza taratibu kwamba Tembo haondoki bila abiria ishirini, ndiyo kanuni yake tangu azaliwe. Nyani ni chambo tu, hawapigiwi debe. Yeye mwenyewe alipanda jana. Alikuwa mgeni pia, amekuja kuliona daraja la viboko alilosikia habari zake tangu kijana, na hakuona sababu ya kuharakisha.

"Na akishaondoka, hawezi kurudi?" Pimbi akauliza.

"Hawezi. Barabara ile ni ya kwenda tu. Yupo trafiki anaitwa Korongo, ana mguu mmoja chini na mmoja hewani, lakini hata nyati wanamsikiliza."

Saa nne ikapita. Saa tano. Hakuna aliyepanda. Saa sita jua likakaa utosini, na Pimbi akaanza kulia. Alilia kweli, si machozi ya hila. Alitaka kufuta uso, akaifungua mbeleko ya bibi yake, akaitazama. Ndefu, pana, upande mmoja mwekundu, upande wa pili umefifia. Akatazama debe la Kidevu. Akatazama masikio ya Tembo, yanayohesabu bila macho. Kilio kikaisha.

Akainama kutoka mgongoni akamwambia Kidevu kwa upole kwamba amwie radhi, ila ukoo wake wote uko njiani unakuja kwenye arubaini, watafika mmoja mmoja, asishangae. Kidevu akafurahi, akasema waje hata mia.

Pimbi akateleza kwa ubavu wa kulia, ule usio na ngazi, nyayo zikinata kwenye ngozi ya Tembo. Akazunguka nyuma ya vibanda. Akarudi kwa mbele amejitanda ushungi, amenyamaza kama mke mpya.

"Karibu, anti," Kidevu akasema. Du!

"Watatu," Tembo akanong'ona.

Akateleza tena, akazunguka, akarudi na kilemba. "Shikamoo, mzee." Du! Akarudi amejifunga lubega. Du! Akarudi na kibwebwe kiunoni, kama anayekwenda ngomani. Du! Akaigeuza upande uliofifia, akaanza upya. Akafunga jiwe mgongoni likawa mtoto, na Kidevu akalichezea shavu akasema limefanana na mama yake. Kobe alikuwa amerudisha kichwa ndani ya gamba, na gamba lilikuwa linatikisika kwa kicheko.

Alipofika mara ya kumi na tano Kidevu akakunja uso.

"Ngoja. Mbona ninyi nyote mnachechemea mguu wa kushoto?"

Pimbi akashusha pumzi. "Ni mguu wa ukoo, kaka. Babu yetu alichechemea, nasi tumerithi."

"Poleni sana," Kidevu akasema, tena kwa huruma ya kweli, akapiga debe. Mnaona? Yeye aliyedanganya stendi nzima kwa abiria wa uongo hakufikiria kwamba na wengine wanaweza kuwa nao.

Saa saba na nusu Tembo akanong'ona, "Ishirini." Akainua mkonga, akapiga baragumu, na ardhi ikaanza kutembea.

Siwezi kuwasimulia yote waliyoyaona. Walipita soko la nyuki, ambako kila mmoja anajua njia yake na hakuna anayemgonga mwenzake. Walipita mtaa wa ndege mafundi wanaoshona nyumba kwa midomo. Walipokanyaga daraja la viboko, Kobe alitoa kichwa chote nje, akatazama maji chini, na machozi yakamtoka. Pimbi naye alitamani bibi yake angeyaona haya. Tembo aliuliza mara moja mbona abiria wake ni wapole hivi. Kobe akajibu kwa sauti nene kwamba ni watu wa milimani, wana adabu.

Walipofika njia panda, bawa likainuka. Korongo. Tembo akasimama, na nyuma yake nyati sabini wakasimama. Pimbi hakuamini. Kwao hajawahi kuona mwembamba akiinua mkono na wanene wakatii.

Korongo akauliza idadi ya abiria. Tembo akasema kwa majivuno, ishirini kamili, hesabu mwenyewe.

Korongo akahesabu. Hakuhitaji muda mrefu. "Mmoja ni kobe. Mwingine ni pimbi. Wengine ni upepo?"

Tembo akapeleka mkonga mgongoni, akapapasa, akapapasa tena. Masikio yake yakasimama.

"Shukeni," akasema. "Kurudi siwezi, lakini na watu wawili siendi. Nitalala hapa hapa."

Jua lilikuwa limeshaanza kuinama. Pimbi akatembea mpaka kwenye paji la uso la Tembo, akakaa karibu na jicho lake, ili amwone vizuri.

"Shikamoo, Mzee Tembo. Wale kumi na wanane wote ni mimi. Nimekudanganya. Hii ni mbeleko ya bibi yangu, na jua likizama kabla haijafika, jina lake limekwisha. Ningekuomba, lakini ulikuwa unasikia debe tu."

Hapo Pimbi akageuza macho pembeni mwa barabara, akaona kitu ambacho Tembo hakuwahi kukitazama. Kwenye kivuli walikaa kanga na vikapu vyao, swala na wanawe, nungunungu ambaye mkewe alikuwa mgonjwa upande wa pili wa jiji. Walikuwa wanakaa pale kila siku, na kila safari Tembo aliwapita amejaa, hana nafasi ya hata mmoja.

Pimbi akaruka mpaka juu ya Kobe, akasema samahani baba, akapiga gamba kwa viganja vyote viwili. Du! Akaita kwa sauti ambayo Kidevu mwenyewe angeionea wivu:

"Bado kumi na wanane! Bado kumi na wanane tunaondoka!"

Watu wa kivulini wakatazamana. Hawajawahi kusikia debe la kweli. Kisha wakakimbia. Kila aliyepanda, gamba likalia, du, na kila lilipolia Tembo alihisi uzito halisi mgongoni. Nungunungu alikaa peke yake, mnajua sababu. Walipofika ishirini, Tembo akashusha masikio yake. Halafu akasema, "Kaeni vizuri," akakimbia. Wanangu, Tembo alikimbia, na Korongo alifungua barabara nzima kwa bawa moja.

Mama mkwe alikuwa ameshasimama mlangoni na mbeleko yake mkononi, jua limebaki kipande cha ukucha, Pimbi alipoteremka kwa mkonga mpaka uani. Akaitoa ya Bibi Mize. Ilikuwa na mikunjo kila mahali, imejaa vumbi la stendi.

"Dada," Zawena akasema, "mbeleko ya bibi imefanya nini?"

"Imepanda Tembo mara kumi na nane," Pimbi akasema.

Mama mkwe akatazama mikunjo ile, akatazama mguu unaochechemea, akaiweka chini mbeleko yake mwenyewe, akaikalia. Zawena akamfunga mtoto, akamtoa nje, na kwa mara ya kwanza mtoto akaona jiji, ghorofa za mchwa na vimulimuli wanaanza kuwaka mmoja mmoja. Abiria wenzake wote kumi na tisa, na Tembo mwenyewe, wakamsikia Pimbi akimwita: "Mize."

Mtoto akageuza kichwa.

Tangu siku hiyo Tembo huondoka stendi jogoo akiwika, amejaa au hajajaa, kwa sababu anajua njiani kuna watu. Kidevu bado anapiga debe, lakini kila akimwona pimbi hutazama kwanza mguu wa kushoto.

Hadithi yangu nimeiteremsha hapa kituoni, na funzo lake ni hili: mdogo anayejua anakwenda kwa nani na kwa nini hupata njia hata katika jiji la wakubwa.