Nani Ashike Isale na Nanzia?

Haya, sogeeni. Anayetaka kusinzia asinzie sasa hivi, maana mwisho wa hadithi hii mimi sina jibu. Jibu mtalitoa nyinyi.

Paliondokea watu watatu huko milimani Upareni, kila mmoja na kipawa chake. Mbonea alijua kusoma picha zinazopigwa na setilaiti. Kangalu, mpimaji ardhi, hakuamini ramani yoyote mpaka aikanyage kwa miguu yake. Na Namsifu, mjane, alikuwa hasahau kitu, hata kile ambacho angependa kukisahau.

Aliyewakutanisha ni Nanzia. Mama yake alimfia angali msichana, akazikwa nyumbani, likapandwa isale, mmea wa majani marefu, juu ya kaburi kama ilivyo desturi. Nanzia akachukuliwa na shangazi yake, asirudi mpaka aliposikia mlima umeporomoka kwa mvua. Watu waliwahi kukimbia, lakini nyumba, migomba na kaburi vyote vililala chini ya udongo. Akaukuta mteremko mtupu. Kila alipopanda kule alibeba mche mpya wa isale, akakosa pa kuuchimbia, akateremka nao. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na bado akisikia mtoto wa jirani anaita mama, huacha kazi akasikiliza nani ataitika.

Akaapa: "Atakayenionyesha kaburi, tutaushika mche huu pamoja, na tangu siku hiyo nitamwita mzazi wangu." Na kwao isale la kaburi hushikwa na watu wawili tu, mfiwa na mzazi. Ndivyo walivyoyakuta.

Mbonea akatafuta picha za kabla ya maporomoko. Zilikuwa mbili za mahali pamoja, kila moja imepigwa kutoka upande wake.

"Ziba jicho moja, dada, halafu utunge uzi kwenye sindano," akamwambia Nanzia. "Unaona tabu yake? Macho mawili ndiyo yanayojua mbali na karibu. Mimi kwa picha mbili najua juu na chini."

Akaunda ramani ya miinuko, mlima wa zamani ukasimama tena kwenye kompyuta. Akaunda na ya sasa, akailinganisha na ile, akajua udongo umelala kina gani. Bila yeye wangechimba mpaka kiama.

Kumbe ramani ina walakini. Kangalu akabeba mashine yake ya kupimia, akazunguka kwenye majabali ambayo hayakusogea, akipima moja baada ya jingine.

"Mbonea, ramani yako imepanda mlima ikatuacha sisi hapa," akasema. "Kila jabali umelisogeza juu mlimani, si pale lilipo."

Mbonea akanuna, kisha akarekebisha. Bila Kangalu wangechimba kiwanja cha watu.

Lakini Nanzia alipoitazama, akatikisa kichwa. Alipajua kwao: palikuwa tambarare, na ramani ilionyesha kigongo kirefu.

"Setilaiti huona vilele vya miti, haioni ardhi iliyo chini yake," Kangalu akasema. "Palikuwa na miti?"

Nanzia hakuikumbuka. Aliyeweza kujua ni Namsifu, mke mwenza wa mama yake, na yeye na Nanzia hawakuwahi kusemezana tangu mazishi. Nanzia akaenda hata hivyo. Mwenye shida haoni haya.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba." Nanzia akamwuliza kama palikuwa na miti, Namsifu akajibu: "Ni mikaratusi yangu. Niliipanda baada ya wewe kuondoka, nisilione lile kaburi. Baba yako alikuwa akishinda pale, mimi nikaona wivu hata kwa maiti. Ilikuwa mirefu kupita bati la nyumba mara tatu. Mti wa mwisho ndio ulioinamia kaburi."

Mbonea akaondoa kimo cha miti, kigongo kikashuka, tambarare ikajitokeza. Bila Namsifu wasingeijua hata kwa ramli.

Wakachimba. Wakakuta mawe ya mama yamejipanga, na kisiki cha isale la zamani katikati. Nanzia akakaa chini akalia kwa sauti, kilio alichokiacha huko alipokuwa msichana.

Kisha akauchukua mche.

"Mimi nilikurudishia mlima," Mbonea akasema. Alikuwa amezika wazazi wote wawili na hakuwa na ndugu.

"Mimi niliuweka mahali pake," akasema Kangalu, ambaye Mungu hakumjalia mtoto.

Namsifu alinyoosha mkono, akaukumbuka mstari wa mikaratusi, akaurudisha mkono.

Na msije mkaniambia wote watatu. Kiapo ni kiapo, na upande uliobaki ni mmoja. Nanzia amechutama pale juu ya mama yake, mche mkononi, neno la kumwita mtu likimsubiri mdomoni. Je, wewe ungeamua vipi: nani ashike upande wa pili?