Bi Marjani na Mkasi wa Fisi

Hapo zamani za kale, lakini si kale ile ya mbali, maana runinga ilikuwa imekwisha kuingia msituni, palikuwa na Kindi mmoja dume, mwembamba kama kijiti cha kiberiti. Nyumbani alikuwa Kindi kama makindi wengine. Akipanda jukwaani alikuwa Bi Marjani.

Msinikodolee macho. Kazi ni kazi.

Mkia wake aliukunja juu ya kichwa ukawa nywele. Akapaka wanja, akajifunga kanga mbili na kibwebwe, akatoka kwa mwendo wa bibi mwenye nyumba tatu za kupangisha. Akisimama, kiuno kule, mdomo huku, hata Simba alisahau kwamba ndani ya kanga ile mna mnyama wa kuingia mfukoni.

Ngiri ndiye alikuwa hatulii. Kila onyesho anakaa kiti cha mbele, na kila onyesho analalamika.

"Dume zima linavaa kanga," anasema.

"Na wewe pembe zimekutokea mdomoni," Bi Marjani anamjibu kutoka jukwaani. "Nani amekuuliza?"

Kwi kwi kwi, ukumbi unacheka, na Ngiri anacheka, na wiki ijayo anarudi kiti kilekile.

Sasa mwenye kituo cha runinga alikuwa Bwana Fisi. Akaanzisha shindano, akaliita Jumba la Vipaji. Wanyama wanane wanakaa nyumba moja, wanapika pamoja, wanagombania bafu moja, na Twiga anawapiga picha kwa kamera kutwa. Kila mmoja anafungwa kifuani kinasa sauti kidogo kama kunguni, na sheria ya Fisi ni kwamba hakivuliwi hata ukienda kuoga. Kila Ijumaa alasiri wanacheza ukumbini mbele ya watu, watu wanapiga kura, mmoja anafungasha.

Kindi alipoingia aliwekewa karatasi, akatia kidole. Hakuisoma. Hata mimi nisingeisoma, herufi zake zilikuwa kama mayai ya chawa. Nayo ilisema hivi: atakayeshinda ataondoka na jina lake la jukwaani. Atakayetolewa ataondoka na ngozi yake tu, na jina litabaki kwa Bwana Fisi, ampe amtakaye.

Alikuja kuambiwa hayo siku ya kumi, na Twiga, kwa sauti ya chini.

"Yaani Bi Marjani si wangu?"

"Ni wako ukishinda."

"Nimemlea miaka saba. Nilimfundisha kutembea."

"Basi shinda," Twiga akasema, akaendelea kufuta kioo cha kamera yake.

Kindi akashinda. Ijumaa hii akashinda, Ijumaa ile akashinda. Wenzake wakafungasha mmoja mmoja mpaka wakabaki wawili, yeye na Mama Tembo mcheza ngoma. Mama Tembo alicheza kwa jina alilopewa na mama yake, hakuna wa kumnyang'anya. Wawili hao walipatana sana. Huyu anamenya ndizi, yule anateka maji, wanacheka.

Fisi hakupenda. Watazamaji walikuwa wameanza kusinzia. Nani atakesha kuangalia watu wanamenya ndizi?

Akajifungia chumba chake cha kukatia picha. Akatafuta, akatafuta, akakuta siku moja Kindi yuko jikoni anamwambia Twiga hivi: "Wako wanaosema Mama Tembo akicheza anaharibu jukwaa, ana miguu ya kinu. Waongo. Mimi akicheza najificha nyuma ya pazia nijifunze."

Fisi akashika mkasi. Kacha, akakata mwanzo. Kacha, akakata mwisho. Akabakiza katikati. Halafu akachukua kicheko cha Kindi cha siku nyingine, siku ile alipomcheka Ngiri, akakibandika mwishoni.

Jumatatu jioni msitu mzima ukamwona Kindi kwenye kioo akisema: "Mama Tembo akicheza anaharibu jukwaa, ana miguu ya kinu." Kwi kwi kwi.

Mama Tembo alikuwa sebuleni, anatazama. Kindi aliingia na sahani ya ndizi.

"Miguu yangu imekukosea nini?" Mama Tembo akamwuliza.

"Miguu gani, mama?"

"Usiniite mama. Nimekupa chumvi yangu, nimekubeba mgongoni ulipoumwa. Ungeniambia usoni, ningenuna siku mbili tungeyamaliza."

"Sikusema hivyo. Yaani nilisema, lakini si hivyo."

"Mdomo ni wako?"

"Wangu."

"Sauti yako?"

"Yangu."

"Basi," akasema Mama Tembo, akaenda chumbani kwake, na nyumba nzima ikatikisika.

Kesho yake Kindi akaenda dukani kwa Ngiri kununua karanga. Ngiri akafunga dirisha. Akaongea akiwa ndani.

"Mimi ukinitania tunataniana. Mama wa watu kakufanya nini?"

Kindi akaenda moja kwa moja kwa Fisi. Akamkuta ameweka miguu juu ya meza.

"Bwana Fisi, rudisha maneno yangu yote kama nilivyoyasema."

"Yapi? Niliyoyatupa?" Fisi akacheka kicheko chake kile, mnakijua. "Kaa nikuambie, mdogo wangu. Tangu jana hakuna nyumba iliyozima runinga. Ijumaa watajaa mpaka madirishani waje kukuzomea. Utatolewa, utaondoka, na Bi Marjani nitamvika mwingine, asiye na mdomo kama wewe."

"Nitawaambia ukweli."

"Waambie. Nani atamwamini dume linalojifanya jike kwa kazi?"

Kindi akatoka. Twiga alimkuta uani amekaa juu ya kinu.

"Lia," Twiga akamshauri. "Lia mbele ya kamera, omba msamaha, useme shetani alikupitia. Watu wanapenda machozi. Labda watakupigia kura."

"Niombe msamaha kwa neno nisilolisema? Basi litakuwa langu kweli."

"Sasa utafanyaje?"

"Sijui. Lakini sitoki hapa bila Bi Marjani. Hilo najua."

Wakiwa palepale, wakasikia hodi upande wa pili wa ua, nyumbani kwa Fisi. Alikuwa mama mkwe wake, mama aliyemzaa mkewe, amekuja na kapu lake. Fisi alikuwa anavuka ua. Kusikia ile sauti tu, puu, akajibanza ukutani, pua kwenye tofali, mgongo nje.

"Shikamoo mama," akauambia ukuta.

"Marahaba mkwe. Binti yangu yupo?"

"Yupo, mama."

"Umempiga?"

"Hapana, mama. Jana nilimfokea kidogo, kwa ajili ya mchuzi."

"Tutaongea," akasema mama mkwe, akapita. Fisi akabaki ukutani mpaka nyayo zilipoisha, anatoka jasho.

Kwa fisi wa nchi ile ndiyo mila. Mkwe hamwangalii mama mkwe usoni, hata kivuli chake hakikanyagi. Akiulizwa anajibu, akiagizwa anatii, na uongo hamwambii, kwa sababu akimwongopea, mama yule ana haki ya kumchukua binti yake siku hiyohiyo na hakuna wa kuwasuluhisha. Fisi alikuwa anamwogopa mama yule kuliko simba wawili.

Kindi akasimama juu ya kinu.

"Twiga, umeona?"

"Nimeona. Kwani ni mara ya kwanza?"

"Hajamwangalia hata mara moja. Hajui kama kavaa buibui au gunia."

Siku tatu Kindi hakutoka chumbani ila kwenda kuoga. Aliyepita mlangoni alisikia mwanamke mzima anakohoa, anavuta makamasi, anasema, "Tutaongea," mara mia, mara mia mbili. Pua ya fisi ni pua kali, hilo hakulisahau. Mama mkwe, aliyekuwa bado mgeni kwa bintiye, alikuwa ametundika kanga yake ya safari kwenye kamba, haijafuliwa. Kindi akaiazima bila kuomba. Sisemi alifanya vizuri. Nasema alifanya.

Ijumaa ikafika. Ukumbi ukajaa, waliokosa viti wakaning'inia madirishani. Shindano la mwisho lilikuwa linatoka moja kwa moja, mubashara, hakuna cha mkasi. Mama Tembo alicheza kwanza. Alicheza kwa hasira, na jukwaa halikuharibika. Wakampigia makofi, akashuka akakaa pembeni mwa pazia.

"Sasa Bi Marjani," mtangazaji akaita.

Jukwaa tupu. Watu wakaanza kuzomea.

Nyuma ya pazia Fisi alikuwa anatengeneza tai, anangoja kutoka kutangaza. Akasikia kikohozi. Akasikia harufu ya kanga aijuayo. Hakungoja kugeuka. Puu, ukutani.

"Shikamoo mama. Huku nyuma umefikaje?"

"Kwa miguu," akasema Kindi kwa sauti ya mama mkwe, amesimama juu ya kile kinu cha uani, alichokiviringisha mpaka nyuma ya pazia tangu asubuhi. "Mkwe, nimekuja kumchukua binti yangu."

"Mama, nimekosa nini?"

"Nyumba yako inatukana wazazi wa watu. Nimeona kwenye kioo. Yule mdogo kamtukana Mama Tembo, nawe umemweka humo, unamlisha. Binti yangu hatakaa nyumba ya matusi."

"Hakumtukana, mama."

"Nimesikia kwa masikio yangu."

"Ni mimi, mama. Nilikata. Alikuwa anamsifu. Alisema wanaomsema vibaya ni waongo, mimi nikatupa mwanzo, nikatupa mwisho."

"Na kile kicheko?"

"Cha siku nyingine. Nilikibandika."

Kule ukumbini zomeazomea ikakatika. Kinasa sauti kilikuwa kifuani kwa Kindi, chini ya kanga, kama sheria ya Fisi inavyotaka. Zamu ilikuwa yake, kinasa kimefunguliwa, na kila neno lilitoka kwenye vipaza sauti vya ukumbini. Fisi alijua mama mkwe havai kinasa, na hofu ilikuwa imemziba masikio. Ukimya haukumshtua.

"Kwa nini ulifanya hivyo, mkwe?"

"Watazamaji, mama. Wale ni wajinga tu. Ukiwapa ugomvi wanautafuna kama mfupa, hawaulizi umetoka kwa mnyama gani."

"Hm," Kindi akaguna, na lile guno lilimchukua siku nzima kulijifunza. "Na nasikia una karatasi yake, ya kumnyang'anya jina."

"Ninayo, mama. Mfukoni."

"Mtu kalea jina miaka saba wewe unataka kulivika wengine kama shati la mtumba? Ichane."

"Mama, hii karatasi ni ya kituo—"

"Nimwite binti yangu?"

Chrrrr. Akaichana. Chrrrr tena, vipande vinne, macho yake ukutani.

Mama Tembo hakuweza kungoja zaidi. Akanyoosha mkonga, akavuta pazia, likaanguka lote, na kamera ya Twiga ikaona kila kitu: Bwana Fisi na suti yake, pua kwenye tofali, makalio yameelekea msitu mzima, na nyuma yake kindi wa kuingia mfukoni, juu ya kinu, amejitanda kanga inayomzidi mara tatu.

Hakuna aliyecheka. Bado.

"Mkwe," ikasikika sauti kutoka safu ya tatu. Alikuwa mama mkwe mwenyewe, yule wa kweli. Mkewe Fisi alikuwa amempa tiketi. "Mkwe, huyo unayemjibu ni nani?"

Fisi akaganda. Mama mkwe nyuma yake, mama mkwe ukumbini. Akitazama huku anamwona huyu, akitazama kule anamwona yule. Akavua koti, akajifunika kichwa, akatoka mbio bila kuona njia. Akagonga nguzo, gwaa. Akagonga ngoma ya Mama Tembo, buum. Hapo ndipo ukumbi ulipopasuka kwa kicheko, na Ngiri alicheka mpaka akaanguka na kiti chake.

Mama mkwe hakucheka. Alipita katikati ya watu, akapanda jukwaani, akamtazama Kindi juu hadi chini.

"Mimi ndivyo ninavyokohoa?"

"Ndivyo, mama."

"Hm," akaguna, guno lilelile. "Shuka kwenye kinu usije ukavunjika. Mimi naenda kumtafuta mkwe wangu. Tutaongea."

Kindi akashuka. Akabaki uso kwa uso na Mama Tembo.

"Bado nina hasira," Mama Tembo akasema.

"Najua."

"Si kwako. Ni kwangu mwenyewe. Nilikaa nawe wiki saba, nikaamini kioo kwa usiku mmoja."

"Ungeniuliza neno lilikoanzia, ningekuambia."

"Kavae nguo zako. Watu wamekuja kumwona Bi Marjani."

Kindi akaenda, akafunga kibwebwe, akakunja mkia juu ya kichwa, akatoka na mwendo wake ule. Alicheza vizuri. Mama Tembo alikuwa amecheza vizuri zaidi, na kikombe wakampa yeye, na Kindi alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Kikombe hakukihitaji. Vipande vya karatasi vilikuwa vimetapakaa jukwaani, na alipokuwa anatoka alivikanyaga kimoja kimoja kwa kiatu cha Bi Marjani, kiatu chake mwenyewe, wala hakuinama kuangalia.

Yangu ni hayo, wajukuu, na funzo ni moja: kabla hujamnunia mtu kwa neno lake, uliza lilianzia wapi na liliishia wapi, na ni nani aliyeshika mkasi.