Muhuri wa Ghorofa ya Tano

Zamani si zamani sana, mjini Tengeloni, serikali iliruhusu bangi iwe dawa ya wenye maumivu. Vibali vikawa mikononi mwa Afisa Lugendo, mtu asiyeamini maumivu ya mwenzake. Akabadilisha sheria, akaibandika mlangoni mwa jengo: kila mgonjwa afike mwenyewe mbele ya muhuri, na atakayeweza kupanda ngazi hadi ofisini, ghorofa ya tano, huyo amepona, hapewi kitu.

Muhuri wenyewe aliuvaa shingoni kwa kamba. Hata chooni alikwenda nao.

Bi Mwanamvua, aliyekuwa akiwauguza wagonjwa kumi na wawili, akapanda na karatasi zao.

"Wenyewe wako wapi?" Lugendo akauliza.

"Wako chini, baba. Miguu haiwabebi."

"Basi hawajafika. Sheria ni sheria, mama."

"Hata wewe huwezi kuipindisha?"

"Hata mimi!"

Mara ngoma ikalia huko chini, na vigelegele juu yake. Lugendo akatega sikio. "Ngoma ya nani hiyo?"

Bi Mwanamvua akainamisha uso. "Ya wagonjwa wangu. Nimewakanya, hawasikii."

"Kumbe wanacheza! Leo nimewakamata!"

Akaziruka ngazi mbili mbili mpaka mlangoni. Akawakuta wote kumi na wawili wamekaa mkekani, magongo ubavuni, mmoja wao akipiga ngoma.

Bi Mwanamvua akafika nyuma yake taratibu, akagusa lile tangazo mlangoni, kisha akamnyooshea karatasi.

"Mbele ya muhuri wamefika, baba, na ngazi hawajapanda. Gonga."