Siku Nane za Maua ya Mdanzi

Wengi wakiisikia methali isemayo "Ukitaka kuruka, agana na nyonga" hudhani ilitungwa na waoga. Huitumia kumkalisha chini kijana mwenye hamu, kama kwamba ukubwa una wenyewe. Wanaionea bure. Methali haikusema usiruke. Ilisema kwamba kabla hujaruka, ukakiulize kiungo kitakachokubeba kama kiko tayari. Na kikikujibu kwamba bado, ukipe muda na mazoezi, usikidanganye. Kisa cha Widadi binti Lazhari, wa mji wa Nabeul, ndicho shahidi wangu.

Mwishoni mwa Machi midanzi ya Nabeul, michungwa ya machungwa machungu, hutoa maua, na kwa majuma matatu mji mzima hunukia hata kwa mtu mwenye mafua. Majuma hayo matatu ndiyo mwaka wa watu wanaokeneka marashi, yaani wanaochemsha maua na kukusanya mvuke wake. Miongoni mwao alikuwapo Munjia, shangazi yake Widadi, mwanamke wa miaka sitini na minane aliyekuwa na shamba la midanzi, banda moja na mitungi miwili ya shaba ya kukenekea. Marashi yake yalijulikana. Watu walimletea chupa zao wenyewe wakangoja zamu, kwa kuwa tone moja la maji yale lilitiwa katika kahawa ya mgeni, jingine likapakwa kwenye paji la mtoto mwenye homa, na hakuna bibi harusi wa mtaani pale aliyetoka bila hayo. Munjia hakujaaliwa mtoto. Kazi yake ingekufa naye, au ingeendelea na Widadi.

Widadi mwenyewe alikuwa na miaka ishirini na miwili, na ndiyo kwanza amemaliza shahada ya uchumi kwa alama zilizomfanya baba yake, karani mstaafu wa posta, ahame mkahawa mmoja hadi mwingine akiwatafuta watu ambao hawajazisikia. Sasa palikuwa na barua mbili mezani. Ya kwanza ilimkaribisha kusomea uzamili wa usimamizi, kozi ya miaka miwili kwa vijana waliotoka chuoni bila uzoefu, ambao hupelekwa viwandani kwa miezi kadhaa wakafanye kazi na wafanyakazi. Ya pili ilikuwa ya MBA, shahada ya watu waliokwisha kuongoza wenzao kwa miaka mingi. Chuo kilichoiandika, cha mjini Tunis, kilikuwa na viti vichache kwa vijana wenye alama za juu kabisa, ila lazima wahojiwe kwanza.

"Uzamili wa nini tena, nayo MBA iko mezani?" alisema Lazhari, huku akichovya mkate katika mafuta ya zeituni na harisa ya pilipili. "Mtu akipewa kondoo haombi mkia."

"Baba, huko wenzangu wote watakuwa na miaka kazini."

"Na wewe una akili. Akili haihesabiwi kwa miaka. Halafu nimeshawaambia wa mkahawani."

"Umewaambia nini?"

"Kwamba mkurugenzi anakuja. Sasa ukienda kuanza chini, mimi nikae wapi?"

Widadi alicheka, lakini ukweli ni kwamba hata yeye moyo wake ulikuwa kwenye zile herufi tatu. Alitaka kuruka, na alitaka kuruka sasa.

Aliyeruka kwanza ni shangazi yake. Msimu ukiwa na siku nne tu tangu uanze, Munjia aliona shada zuri la maua kwenye ncha ya tawi. Wachumaji walimwambia aliache. Akasema yeye alikuwa akipanda miti hiyo wakati wao wanabebwa mgongoni, akapanda ngazi, akanyoosha mkono, na alichopata ni ardhi. Nyonga ilivunjika. Widadi alipofika hospitali alimkuta amelala kama gogo, lakini ulimi mzima.

"Methali hiyo nimeisema tangu utoto, kumbe sikuisikia," alisema Munjia. "Nimeruka bila kuagana na nyonga. Sasa mimi na yeye hatusemezani. Mahojiano yako ni lini?"

"Siku tisa zijazo, shangazi."

"Basi kwa siku nane wewe ndiye mimi. Chukua ufunguo wa banda. Maua hayaningoji nipone, na nikikosa msimu huu watu watazoea marashi ya jirani."

Siku ya kwanza Widadi alitazama tu. Wanawake arobaini walikuja baada ya jua kukausha umande, wakatandika shuka chini ya miti, wakachuma kwa mazungumzo na vicheko. Kila kapu lililojaa lilipelekwa bandani, maua yakatawanywa kivulini juu ya mikeka, kisha yakaingia mtungini kidogo kidogo. Kwa macho ya mwanafunzi bora wa uchumi, hizo zilikuwa safari za bure na kuni za bure. Jioni alichora mpango: kazi ianze alfajiri ili saa mbili zaidi zipatikane, maua yote yalundikwe pamoja, yapimwe mara moja adhuhuri, mitungi yote miwili iwashwe kwa pamoja. Ulikuwa mpango mzuri sana. Hata leo ukiuona kwenye karatasi utausifu.

Jioni hiyo hiyo alimsomea Bi Saluha, msimamizi wa wachumaji, mjane aliyechuma maua pale tangu kabla Widadi hajazaliwa. Bi Saluha alisikiliza mpaka mwisho, akajifunga kitambaa chake kichwani.

"Sawa, Bibi Mkurugenzi," akasema.

Adhuhuri ya siku ya pili lundo lilifika kifuani. Widadi alitia mkono ndani ili ayafurahie maua yake, akautoa upesi. Ndani kulikuwa na joto kama mkate uliotoka tanuri sasa hivi. Alifukua. Juu maua yalikuwa meupe, katikati yamekuwa ya kahawia, na harufu iliyopanda haikuwa ya bibi harusi yeyote. Maua yaliyochumwa na umande yakilundikwa huchemka yenyewe. Kazi ya mikono themanini ya asubuhi nzima ilikuwa imekuwa samadi.

"Mlijua?" aliuliza.

Wanawake walitazama chini. Bi Saluha peke yake alimtazama usoni.

"Tulijua, binti."

"Mbona hamkuniambia?"

"Hukutuuliza. Ulitusomea."

Hapo ndipo ninapompenda Widadi. Angeweza kusema wamemhujumu, na baba yake angemwamini. Angeweza kumwaga lile lundo nyuma ya banda na kumwambia mgonjwa kwamba siku haikuwa njema. Badala yake alikwenda hospitali na nguo zile zile zinazonuka, akamweleza shangazi yake kila kitu, akilia bila kujificha.

"Umemwambia nani mwingine?" aliuliza Munjia.

"Hakuna. Nimekuja kwako kwanza."

"Umekosea. Waliochuma ni wao, si mimi. Nenda kwao."

Asubuhi ya siku ya tatu, wale arobaini walipofika, walimkuta Widadi amesimama mlangoni bila karatasi. "Kosa la jana ni langu," aliwaambia. "Maua yalikuwa yenu na jasho lilikuwa lenu, nimeyaozesha mimi. Bi Saluha, nifundishe."

Bi Saluha hakutoa hotuba. Alimpa kapu na ngazi fupi kuliko zote, ile ya wasichana wanaoanza. Kwa siku sita Widadi alichuma. Miiba ya mdanzi haisomi vyeti. Vidole vyake vilitoboka kama vya wengine. Wanawake, walipoona hakimbii, walianza kumtania.

"Bibi Mkurugenzi, umeacha maua matatu pale juu. Yanauliza kama umeyasamehe."

"Mwacheni," alidakia mwingine. "Anayapigia hesabu kwanza."

Katika utani huo ndimo alimojifunza mambo ambayo hayakuandikwa popote: nani anachuma upesi lakini anavunja matawi, nani ana mtoto mgonjwa na anahitaji kuondoka mapema bila kuaibishwa, kwa nini moto wa mtungi ukizidi marashi hushika moshi. Siku ya sita mwanamke mmoja alimwita, bila kuulizwa, aje aone mtungi unaovuja kwenye mshono. Widadi alikumbuka lundo la siku ya pili, akaona kwamba ameanza kupewa kitu ambacho ufunguo wa banda haukumpa. Sisi Waswahili shahada ile tunaiita uzamili, na kwa Kiarabu cha kule Nabeul zamili ni mwenzako wa kazi. Sijui kama waliotuchagulia neno hilo waliwaza hivyo, lakini walipatia. Widadi alikuwa mkurugenzi kwa siku moja na nusu, kisha akaanza kuwa zamili.

Siku ya tisa Lazhari alivaa suti yake ya kustaafia, wakaenda Tunis pamoja. Yeye alibaki ukumbini. Binti yake akaingia kwa Bwana Anisi, mhojaji wa chuo, mtu mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani.

"Niambie uamuzi wako mmoja uliowaumiza watu wengine," alisema Bwana Anisi.

Widadi alimsimulia habari ya lundo, tangu karatasi hadi harufu, na hakuipamba. Bwana Anisi aliiweka kalamu chini.

"Unajua vijana wa umri wako hunijibu nini? Kwamba kosa lao ni kufanya kazi kupita kiasi." Alitabasamu. "Binti yangu, nafasi ni yako. Nitakuandikia leo leo."

Kile alichokitamani kilikuwa mbele yake, umbali wa neno "ahsante". Widadi alivitazama vidole vyake vilivyotoboka.

"Naomba kuuliza kitu. Hao nitakaokaa nao darasani, wana miaka mingapi kazini?"

"Saba, nane. Wengine kumi na tano."

"Nao hujifunza kutoka kwa nani hasa? Kwako?"

"Kwangu kidogo. Zaidi kutoka kwa mwenzao aliyeketi kando. Kila mmoja huja na yaliyompata."

"Mimi nina siku nane," alisema Widadi. "Nina kisa kimoja, nacho nimeshakusimulia. Wiki ya pili nitakuwa nakula vya wenzangu bila kuleta changu. Nimekubaliwa pia uzamili wa usimamizi, wa wanaoanza. Nadhani niende huko, kisha nifanye kazi, halafu nirudi kwako. Nikirudi utanipokea?"

Bwana Anisi alivaa miwani yake. "Ningekuwa baba yako ningekushauri hivyo hivyo," alisema. "Ila mimi kazi yangu ni kujaza viti, usinitangaze. Mlango huu haujui uzee. Rudi."

Ukumbini Lazhari aliinuka kabla hajafikiwa. "Umepata?"

"Nimepata, baba. Nimekataa."

Lazhari alifungua vifungo vya suti yake, wakapanda gari la kurudi Nabeul. Alikuwa ameona aibu, na aibu ya mtu mwenye kujisifu ni nzito kuibeba. "Mkahawani nitawaambia nini?" aliuliza njiani.

Widadi alimweleza yote, na siku nane, na lile swali, na jibu. Baba yake aligeukia dirishani. Jioni ile wateja wa mkahawa walisimuliwa habari mpya: kwamba yupo msichana aliyepewa kiti cha wakubwa akasema nitarudi nikikua, na kwamba profesa mzima alishindwa kumjibu. Lazhari aliongeza chumvi kidogo. Msamehe, alikuwa na haki.

Munjia alipona akatembea kwa bakora, na Bi Saluha akashika banda. Widadi alisoma miaka yake miwili, miezi saba kati ya hiyo akiwa kiwandani mjini Sousse, akipanga biskuti katika maboksi na watu walioitwa kwa namba za zamu, naye akawajua kwa majina. Baadaye alifanya kazi hapo hapo miaka mitatu, kisha akarudi Nabeul kwa mitatu mingine. Kila Machi alipanda ngazi, na kila mwaka Bi Saluha alimwongezea kidato kimoja. Mitungi miwili ikawa minne. Maua hayakuoza tena, kwa kuwa mpango wowote mpya ulisomwa kwanza chini ya miti na kukosolewa na wanawake arobaini wenye ndimi kali.

Hatimaye akarudi kwenye mlango ule wa Tunis, kuomba darasa la MBA la mwisho wa juma. Bwana Anisi alikuwa na mvi sasa, lakini alimtambua kabla hajakaa.

"Bibi wa siku nane," alisema. "Leo una ngapi?"

"Miaka sita," alijibu Widadi, "na siku nane." Zile hakukubali kuzipoteza.

Jumamosi ya kwanza ya masomo, Munjia alimsindikiza hadi langoni, akamtilia mkobani chupa ndogo ya marashi ya kuwapa wenzake wa darasani. Kisha akajipiga kofi taratibu kwenye nyonga yake iliyoungwa, akamwangalia yule binti akitembea kwenda barabarani kwa hatua zisizo na haraka wala woga. "Ruka sasa," alimwambia. Naye Widadi akaruka, na ardhi ikampokea vyema, maana ukitaka kuruka, agana na nyonga.